Maneno Yanayosemwa Mlangoni

Watu wakiniuliza nilisomea wapi uandishi, najua wanasubiri nitaje chuo. Mimi nilijifunza kuandika Magomeni, kwenye kibanda cha steshenari kilichokuwa hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, kuanzia mwaka 1998, nikiwa na miaka 20 na cheti cha kidato cha nne. Kulikuwa na mashine mbili za taipu, fotokopi moja iliyokuwa ikikwama siku za mvua, na benchi la wateja. Ukurasa mmoja mteja alilipa shilingi 300. Mia moja ilikuwa yangu.

Mahakama ya mwanzo haikuwa mbali, kwa hiyo wengi waliokuja walikuwa na kesi: mirathi, talaka, matunzo ya mtoto, mpaka wa kiwanja. Wengine walitaka barua ya kuomba kazi. Wa posa walikuja wawili wawili, mmoja anasema na mwenzake anamkumbusha. Nilikuwa nauliza jina, anwani, barua inakwenda kwa nani na inahusu nini, kisha vidole vinaanza. Barua ya ofisini ina njia yake, na kila aliyepita shule ya Tanzania anaijua: anwani juu kulia, S.L.P., tarehe, kisha "YAH:" kwa herufi kubwa na mstari chini yake, halafu "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ya nyumbani nayo ina yake: "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Maneno hayo siyadharau. Watu wa pwani walipokuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu, barua ilianza kwa sifa na salamu, mstari juu ya mstari, ndipo jambo lenyewe likafuata. Hata kwenye karatasi mtu alipiga hodi kwanza.

Ila kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuona kitu. Mteja anakaa, anaeleza, nataipu, namsomea, anaitikia, analipa, anaikunja karatasi, anainuka. Akifika mlangoni anageuka. "Halafu, dada, nilisahau." Hapo ndipo linatoka. Kuna baba aliyekuja na barua ya kudai kiwanja, ukurasa mzima wa namba na tarehe, na tayari alikuwa mguu mmoja nje aliponiambia kwamba kwenye kile kiwanja amezikwa mtoto wake wa kwanza. Kuna mama aliyetaka ruhusa kazini, akageuka pale pale kizingitini: "Neno ugonjwa litoe. Sitaki ofisi nzima wanitazame." Baada ya miezi kadhaa nikaacha kumaliza barua kabla mteja hajainuka. Nilikuwa naacha mistari mitatu minne chini, namwambia iko tayari, namwacha aende zake. Akishageuka na kulisema lile alilolisahau, namwita arudi, nalitia.

Mpaka leo ninavyoandika ni hivyo. Rasimu ya kwanza naipeleka hadi mwisho bila kusimama, kisha naitazama aya ya mwisho peke yake. Mara nyingi nililokuwa nalitafuta limejibanza huko, limekuja wakati nilishaanza kuaga. Basi kurasa zote za mwanzo nazichukulia kuwa ni benchi tu.

Mwaka 1999, siku chache kabla ya Idi, alikuja bibi mmoja. Jina lake silitaji, na sababu nitaieleza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwandishi?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Wengine waliniita dada wa taipu. Nikasema ndiyo, mimi.

Alikuwa na mtoto wa kiume aliyezamia meli mwaka 1991. Wa Dar tunajua maana ya neno hilo. Miaka ile hapakuwa na mtaa Kariakoo, Magomeni au Temeke usiokuwa na kijana aliyejificha kwenye meli ya mizigo pale bandarini, akaenda ilikokwenda. Wengine walifika wakatuma fedha na picha. Wengine walirudishwa. Wapo ambao hakuna anayejua waliishia wapi, na mama zao wakabaki hawajui kama wakae matanga au wasubiri. Huyu bibi aliambiwa na baharia mmoja kwamba mwanawe ameonekana Durban. Anwani hakuwa nayo. Alitaka barua ampe mtu yeyote anayekwenda Sauzi, barua itafute njia yenyewe.

Akanieleza habari za nyumbani, nikataipu. Nikamsomea, akaridhika. Akainuka. Mlangoni akageuka, kama wenzake wote.

"Mwambie sijabadili kitasa."

Nikairudisha karatasi kwenye mashine, nikataipu: "Mlango wa nyumba hii uko wazi kwako daima." Nilifurahi nafsini mwangu, nikadhani nimempambia. Nikamsomea. Alinitazama kwa muda.

"Mimi sikusema hivyo. Mlango hauko wazi, mwanangu. Ukiacha mlango wazi Magomeni hii, asubuhi hukuti sufuria. Nimesema kitasa sijabadili. Ufunguo aliondoka nao."

Nikaichomoa ile karatasi, nikaweka nyingine, nikaanza upya toka "Ama baada ya salamu."

Sentensi ile nimekaa nayo miaka zaidi ya 20 na bado sijaimaliza. Kitasa si kufuli. Kufuli linaning'inia, ukilichoka unalitupa, unanunua jingine kwa Mmachinga. Kitasa kimechongewa nafasi yake ndani ya ubao, na kukibadili ni kumwita fundi. Nyumba ya bibi ilikuwa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na wapangaji, wanaohamia na wanaohama, na mwenye nyumba mwangalifu, mpangaji akihama, huwa anabadili kitasa cha mlango mkubwa. Yeye miaka minane hakubadili, watu wangapi wametoka na funguo zake, kwa ajili ya ufunguo mmoja ulioko mfukoni mwa mtu ambaye hajui kama yuko hai. Maneno mawili yamebeba yote hayo. Mimi nilitaka kuyaondoa niweke "daima".

Naandika haya nikiwafikiria vijana wanaoniletea kazi zao siku hizi. Wana hadithi, wana uchungu, wameona mambo. Lakini wakishika kalamu wanavaa suti. Mama aliyeuza maandazi anakuwa "mwanamke shupavu aliyepambana na changamoto za maisha". Siwalaumu, nilikuwa hivyo hivyo. Tumefundishwa kwamba maandishi ni mahali pa heshima, na heshima tukaidhania kuwa ni kujitenga na midomo ya watu wetu.

Nilisoma sana miaka ile. Mtaa wa Samora vitabu vikuukuu vilitandazwa chini kando ya njia, na humo nilizipata riwaya za upelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, zilizopita mikononi mwa watu wengi hadi kurasa za mwisho zikang'oka. Nyingine nilijimalizia mwenyewe kichwani, na labda hapo ndipo nilipoanza kutunga. Jumamosi nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikamsoma Shaaban Robert. Nilipojua kwamba alikuwa karani wa forodha toka mwaka 1926 hadi 1944, mtu wa makaratasi na mihuri kama mimi, nilipata nguvu ambayo siwezi kuipima. Mezani kwetu kibandani kulikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, imeshapoteza jalada. Mteja akichelewa, naisoma kama hadithi.

Na kulikuwa na kitu kingine pale pale Magomeni. Mtaa wa Ifunda ipo nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere wakati wa TANU, sasa ni makumbusho. Huyu mtu alimtafsiri Shakespeare: Julius Caezar ikatoka mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka upya, imerekebishwa, hata jina limebadilika likawa Juliasi Kaizari. Nchi nzima ilikuwa mabegani mwake, na bado alipata muda wa kurudi kwenye mistari ambayo ilishachapwa, ambayo hakuna aliyekuwa anamdai. Nikichoka kuandika upya huwa nakumbuka hilo, naona aibu, nakaa tena.

Mwaka 2001 nilianza kupeleka hadithi kwenye gazeti moja la kila wiki. Maneno 800 kila toleo, mwishoni "Inaendelea wiki ijayo", na malipo shilingi 10,000, yakichelewa yanachelewa. Mhariri alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilichopata kwake hakikuwa na bei.

Siku ya kwanza aliichukua kazi yangu, akaisoma kwa midomo, bila sauti, kisha akachora mduara mwekundu kwenye sentensi hizi: "Alifika nyumbani. Alivua viatu. Alikaa. Alilia."

"Ka yako iko wapi?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Lugha yako imekupa 'ka' ya kutembelea, wewe umeiacha nyumbani. Bibi yako anavyokusimulia husema 'alifika alivua alikaa'? Husema alifika, akavua, akakaa. Ka inamshika msikilizaji mkono. Hii 'li' yako kila ikija inamsimamisha mtu, inamwambia angalia hapa, angalia hapa, angalia hapa. Mtu atachoka."

Nikaandika: "Alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa, akalia." Akasoma. Akatikisa kichwa. "Sasa umekimbia. Kilio kimepita kama viatu." Akachukua kalamu mwenyewe, akaandika pembeni: "Alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa. Alilia."

Nilitoka pale nikapanda daladala ya Mwenge badala ya Magomeni, nikashtukia niko Morocco. Kwa herufi mbili mtu yule alikuwa amenionyesha kwamba ile "li", ukiiweka akiba, ukaitoa mahali pamoja tu, inasimamisha dunia. Hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kuniambia hivyo. Nilijua "ka" ni wakati wa masimulizi, niliijibu kwenye mtihani, nikapata vema. Kuijibu na kuitumia ni vitu viwili.

Mengine aliyonipa nayasema haraka. Alifuta kila "aliweza kufika" akaacha "alifika". Alifuta "suala zima la", "zoezi la" na "kwa namna moja ama nyingine". Palipokuwa na "mtu ambaye alikuja" akaandika "mtu aliyekuja", kisha akanionyesha mahali ambapo "ambaye" inafaa, pale mtu anapositasita kumtaja mwingine. "Ghafla" alinikataza kwa mwaka mzima. Alisema jambo likiwa la ghafla msomaji ataruka mwenyewe.

Hadithi zangu zikaanza kupendwa. Watu walipiga simu gazetini kuuliza kitakachotokea. Na mwaka 2003, nikiwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka na kichwa kitupu, nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unashuka.

Katika hadithi yangu nilikuwa na mke kijana wa Tabata ambaye mume amemkimbia, amekwenda kwa mwanamke mwingine, sasa anapiga simu anataka kurudi. Nilihitaji mke aseme neno moja la mwisho, kisha "Inaendelea wiki ijayo". Nikamwekea mdomoni: "Sijabadili kitasa."

Toleo lile lilizungumzwa. Mhariri wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniambia, "Hili umelipata wapi?" Nikasema limekuja tu.

Baada ya wiki mbili nilikuwa kibandani, bibi akaingia. Miaka minne nilikuwa namwona barabarani, tunasalimiana, basi. Safari hii alikuwa na mjukuu wake wa kike, wa kama miaka 12, mwenye sare ya shule. Bibi akafungua upande wa khanga, akatoa kipande cha gazeti kilicholowa mafuta, akakikunjua mezani kwangu taratibu, akakipiga pasi kwa kiganja.

"Mjukuu wangu kanisomea. Tulifungiwa maandazi." Akaweka kidole kwenye mstari ule. Hajui kusoma, lakini mtoto alikuwa amemwonyesha mahali, naye alipakariri. "Haya maneno ya nani?"

"Yako, bibi."

"Nilikuwa nampa nani?"

"Mwanao."

"Yamemfikia?"

Sikuwa na jibu.

"Dar es Salaam nzima imeyasoma, imefungia maandazi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwenyewe bado."

Niliteremka kwenye kiti nikakaa sakafuni miguuni pake. Wateja wawili walikuwepo kwenye benchi, wakageuza nyuso. Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Mtoto alikuwa ananitazama, na macho ya mtoto yule ndiyo yaliyonichoma zaidi.

Nimelifikiria sana jambo hili upande wa haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, inamlinda mwandishi. Mtu angeichukua ile hadithi yangu akaichapa kwa jina lake, ningekuwa na pa kwenda. Bibi aliyetamka sentensi akiwa amesimama mlangoni hana pa kwenda. Kwa sheria, mwizi hayupo. Na sisi waandishi tunaishi kwa sentensi hizo: za kwenye daladala, za msibani, za kwenye foleni ya maji, za shangazi akizungumza na simu akidhani tumelala. Tunasema tunasikiliza watu. Sawa. Ila kuna linalosemwa ili lisikike na kuna linalosemwa ili lifike, na hilo la pili limeshaandikiwa mwenyewe kabla hujalisikia.

Bibi aliniambia niinuke. "Kusamehe nimekusamehe. Lakini deni ni deni." Akanipa masharti yake, na nadhani alikuwa ameyafikiria kwa wiki nzima. Kila mwaka karibu na Idi atakuja, nimwandikie barua ya mwanawe bila malipo, mpaka arudi au yeye bibi atakapokufa. La pili: "Yale yameshatoka, hayarudi. Ukiyasema tena, useme yana mwenyewe. Usimpe mtu wa kutunga. Na jina langu usilitaje, asije akasikia kwa watu kabla ya kusikia kwangu."

Nikaandika barua 11, toka mwaka ule wa 2003 hadi 2013.

Yaliyomo siyasemi. Nitasema tu tulivyokuwa tunaziandika, kwa sababu hicho ndicho chuo nilichosoma kwa muda mrefu kuliko vingine vyote. Bibi hakukubali kilio kwenye barua. Alisema mtu aliye ugenini ukimpelekea kilio atakiweka wapi. Alitaka habari, na habari kwake ilikuwa na utaratibu: kwanza jambo lililobadilika, ambalo mwanawe akilisoma atajua kwamba miaka imepita kweli, mwisho jambo ambalo halikubadilika. Kati ya hayo mawili, salamu za watu, mmoja mmoja, kwa majina. Mwaka wa pili nilimkumbusha kwa heshima, "Bibi, la kitasa tuliweke tena?" Akanishangaa. "Si nilishamwambia?"

Hakulirudia hata mara moja kwenye barua zote 11. Nami nilikuwa na tabia, nikipata sentensi nzuri, kuirudisha sura ya tatu, kisha mwishoni, msomaji asije akaikosa. Niliiacha tabia hiyo mwaka ule.

Kazi ilikuwa pia namna ya kuandika kitu kile kile kila mwaka bila kujirudia. Mama yule yule, mtoto yule yule, nyumba ile ile, na jibu halijaja. Nilidhani mwaka wa nne nitaishiwa. Kumbe kila mwaka bibi alikuja na kitu kidogo nisichokitegemea: sauti iliyokuwa inasikika mtaani na sasa haisikiki, au mti, au mtu aliyerudi na ndevu nyeupe. Alikuwa anatazama mwaka mzima kwa niaba ya barua. Mimi niliyejiita mwandishi nilikuwa natazama pale tu nilipokuwa na tarehe ya kupeleka. Nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika humo kila jioni kitu kimoja nilichokiona siku hiyo, kimoja tu, kwa maneno ya kawaida. Ninazo 19 sasa.

Barua ya kwanza kabisa niliipiga kwa taipu, nakala kwa karatasi ya kaboni. Kuanzia mwaka 2007 tajiri alileta kompyuta. Nilishukuru, vidole vilipumzika. Lakini nilikuja kugundua hasara yake. Kwenye taipu, kosa moja lilikulazimisha kupita tena barua nzima, na kila ukipita unasikia pengine pabaya. Kompyuta inakuruhusu kubandika kiraka na kuendelea. Kwa hiyo rasimu ya pili mpaka leo naiandika kwa mkono, toka neno la kwanza, hata kama ya kwanza ilionekana imekamilika. Riwaya inachukua miezi mingi zaidi. Sijapata njia nyingine.

Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, kibanda kikaondoka pamoja na vingine. Nikawa nafanya kazi nyumbani, Mburahati. Bibi alikuja kwa bajaji na mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, amemshika mkono. Gazeti nilishaliacha. Nilichapa riwaya fupi mbili kwa fedha zangu, nakala 500 kila moja, kwa sababu wachapishaji wetu wengi wameishi kwa vitabu vya shule na riwaya isiyosomwa darasani ni mzigo kwao. ISBN nilichukua Maktaba Kuu, vitabu nikavibeba mwenyewe kwenye begi toka Kariakoo hadi Ubungo. Siku hizi hadithi nyingine nauza kwa WhatsApp, msomaji anatuma fedha kwa simu, nampelekea sura. Ni njia halali na inalisha watu, na wapo waandishi wa huko wazuri kuliko wengi wenye majalada. Ninachokiogopa ni mbio zake tu: sura kila siku, na hakuna mhariri wa kukuuliza ka yako iko wapi.

Bibi alifariki mwaka 2014. Nilikaa matanga siku zote tatu, nikiosha vyombo na wanawake wa mtaa. Nakala za barua zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Mjukuu amezichukua, na ni zake. Watu wawili wa vitabu walipolisikia jambo hili kwangu waliniambia nizichapishe, mmoja akasema zitashinda tuzo. Niliwaambia hazikuandikiwa wao. Nyumba iliuzwa na warithi. Pale sasa pana ghorofa tatu na geti la chuma linalofunguliwa na mlinzi. Nikipita kwa mwendokasi kuelekea Kivukoni huwa nakaa upande ule makusudi, natazama mpaka kituo cha Mapipa kipite.

Mwaka huu namaliza riwaya. Ina mama na ina mtoto aliyeondoka, sikuweza kuikwepa. Katika ukurasa wa 140 mtoto anapiga simu, na mama ana nafasi ya kusema jambo moja kabla salio halijaisha. Nilipofika hapo nilijua ni sentensi gani inayopaita. Niliisikia kabisa, kwa sauti ya mwenyewe. Niliacha mistari mitatu wazi, nikainuka, nikazunguka uani, nikarudi. Kwa wiki tatu nimeandika pale maneno tofauti yasiyopungua 20. Niliyoyaacha hatimaye ni ya kweli, yametoka kwa yule mama wa kutunga mwenyewe, hakuyaazima popote. Lakini ni madogo kuliko pale yalipowekwa.

Mhariri wangu wa sasa, binti mdogo mwenye sikio kali, amenirudishia mswada juzi. Pembeni ya mstari ule amechora duara na kuandika, "Mama, hapa panakosa kitu."

Nimemjibu kwamba ni kweli, panakosa, na paachwe hivyo.